Ione roboti inakotaka kwenda: mwongozo kamili wa uhalisia mseto kwa roboti ya magurudumu

Wafanyakazi wawili wakikutana kwenye kona ya godauni pale Industrial Area, Nairobi, mmoja na mkokoteni na mwingine na maboksi, huelewana kwa macho. Mmoja hutazama kushoto, mwenzake akapita kulia. Roboti haina macho ya kutazamana nayo. Hugeuka ghafla au husimama bila kueleza sababu, na mtu aliye karibu hubaki akikisia. Akikisia vibaya mara kadhaa, huanza kuikwepa kwa mbali au kuizima kabisa, na gharama yote ya kuileta ikawa bure.

Uhalisia mseto huziba pengo hilo. Mtu huvaa hedseti, anaendelea kuona chumba chake halisi, na juu ya sakafu ile ile anaona njia ambayo roboti imepanga kupita, mahali inapoelekea na sababu ya kusimama. Kazi yote inategemea jambo moja: mchoro ukae mahali pake. Mstari uliochorwa sentimita 30 kando ya njia halisi ni hatari kuliko kukosa mstari, kwa kuwa mtu ameshauamini. Ndiyo maana sehemu ya kulinganisha ramani na sakafu ni ndefu kuliko nyingine humu, na ndiyo isiyofaa kurukwa.

Vifaa

Anza na roboti ndogo. TurtleBot3 Burger inatosha kujifunzia: mwendo wake wa juu ni mita 0.22 kwa sekunde, uzito takriban kilo 1, na programu zake ziko wazi kwa kila mtu. Utakayoyajenga juu yake yatahamia kwenye roboti kubwa bila kubadilisha mengi. Kasoro yake ni ufupi. Ina sentimita 19 tu kwenda juu, na mtu aliyevaa hedseti anaweza kuikanyaga. Isimamishie kijiti chepesi chenye kibendera, kifike kimo cha paja, nyuma ya laida (sensa inayopima umbali kwa leza) ili kisizibe sehemu kubwa ya uwanja wake.

Hedseti tunayoipendekeza ni Meta Quest 3 au 3S. Zote mbili huonyesha chumba kwa kamera za rangi. Ukipewa HoloLens 2 iliyotumika, itumie kwa majaribio, lakini usiinunue: Microsoft iliacha kuitengeneza mwaka 2024. Kuna tofauti moja ya kukumbuka kila wakati. HoloLens ina kioo cha kuona moja kwa moja, kwa hiyo ikizima bado unaona. Quest ikizima, unabaki gizani.

Vingine:

- Laptopu yenye Ubuntu 22.04 na ROS 2 (mfumo wa programu za kuendeshea roboti) toleo la Humble, RAM ya GB 16. Humble itahudumiwa hadi Mei 2027. Ukianza mradi wa miaka mingi chukua Jazzy, toleo la baadaye la ROS 2, juu ya Ubuntu 24.04.
- Kompyuta yenye Unity, programu ya kujengea michoro ya 3D, ya kutengenezea programu ya hedseti. Windows ndiyo yenye usumbufu mdogo zaidi kwa zana za Meta.
- Ruta ya bendi mbili itakayotumika kwa mradi huu peke yake, pamoja na UPS ndogo ya volti 12.
- Swichi ya dharura ya kichwa chekundu, ya kubonyeza ikajifunga.
- Tepu ya kupimia ya mita 10, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, na uzi wa chaki.

Swichi, nyaya na UPS utazipata Luthuli Avenue. Ukihitaji kishikilio cha chuma, mafundi wa Kamukunji watakikunja ukiwapa mchoro wenye vipimo.

Swichi ya dharura ikate umeme wa mota pekee na kuacha ubongo wa roboti ukiwa hai, la sivyo kila dharura itakugharimu dakika kadhaa za kuwasha upya. Mota za Dynamixel XL430 zilizomo kwenye Burger zina nyaya tatu: hasi, chanya na data. Katiza ile chanya tu, kabla ya mota zote mbili. Umeme ukirudi, mota hubaki legevu mpaka programu ya roboti ianzishwe upya. Usijaribu kuirekebisha tabia hiyo. Roboti isiyoamka yenyewe baada ya dharura ndiyo unayoitaka.

Mtandao na saa

Usiunganishe roboti kwenye waifai ya ofisi. Mitandao mingi ya ofisi na ya wageni huzuia vifaa kuonana vyenyewe kwa vyenyewe, na utapoteza siku ukitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Iwekee ruta yako jina lake, washa bendi ya GHz 5, na uchague chaneli kati ya 36 na 48. Chaneli za 52 hadi 144 huilazimu ruta kuhama pale inapohisi rada, na kuhama huko hukata mawasiliano katikati ya kazi. Ruta iwe juu, wazi, mbali na ukuta wa mabati. Laptopu iunganishwe kwa waya wa mtandao na ipewe anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.50.10.

Kwenye roboti, zima hali ya waifai ya kubana umeme, maana ndiyo chanzo cha kuchelewa kunakokuja na kuondoka:

```
sudo iw dev wlan0 set power_save off
```

Amri hiyo hupotea roboti ikizimwa, kwa hiyo iweke kwenye huduma inayoanza pamoja na mfumo. Kisha pima kutoka kwenye laptopu ukitembeza roboti hadi pembe ya mbali zaidi ya godauni (hapa 192.168.50.20 ni anwani ya roboti):

```
ping -i 0.2 -c 500 192.168.50.20
```

Usidanganyike na wastani. Tazama thamani ya juu kabisa. Wastani wa milisekunde 6 wenye kilele cha 400 ni mtandao mbaya, na mtu ataona roboti ikirukaruka. Tafuta kilele kisichozidi 50. Ukishindwa, sogeza ruta kabla ya kugusa kitu kingine.

Halafu saa. Raspberry Pi 4 iliyo ndani ya roboti haina saa yenye betri. Stima ikipotea na ruta yako haina intaneti, roboti itaamka na saa ya zamani, na Nav2, programu inayoipangia roboti njia, itaanza kulalamika kuwa data inatoka siku zijazo au zilizopita. Ifanye laptopu iwe seva ya saa kwa kutumia chrony: kwenye laptopu ongeza `allow 192.168.50.0/24` na `local stratum 10`, kwenye roboti weka `server 192.168.50.10 iburst`. Hedseti usiiingize kwenye mpango huo. Umri wa data uhesabiwe kwa saa ya hedseti yenyewe, tangu meseji ilipofika.

Ramani ya roboti

```
sudo apt install ros-humble-navigation2 ros-humble-nav2-bringup ros-humble-slam-toolbox
```

Piga msalaba wa tepu sakafuni na uchore mshale wa upande roboti itakaoelekea. Anzisha slam_toolbox, inayochora ramani roboti ikitembea, roboti ikiwa imesimama juu ya msalaba huo. Pale inapoanzia ndipo panapokuwa sifuri ya ramani, hivyo kila asubuhi utairudisha hapo na kuipa AMCL (programu inayokadiria roboti iko wapi kwenye ramani) nafasi ya kuanzia 0, 0, 0 bila kubahatisha. Nafasi inayohesabiwa ni katikati ya ekseli ya magurudumu. Katikati ya mwili wa Burger iko nyuma kidogo ya hapo, kwa hiyo bandika vipande viwili vya tepu ubavuni, usawa wa ekseli, vikuongoze.

Tembeza polepole, zunguka godauni na urudi ulikoanzia ili ramani ijifunge. Hifadhi:

```
ros2 run nav2_map_server map_saver_cli -f ~/ramani/godauni
```

Ramani ichorwe vitu vinavyohamahama vikiwa vimeondolewa. Kumbuka pia kuwa laida ya Burger huona mstari mmoja tu, karibu na kimo cha roboti yenyewe. Mkokoteni kwake ni magurudumu mawili. Jukwaa lililo juu halionekani, na roboti itajaribu kupita chini yake. Mlango wa kioo nao mara nyingi haupo kabisa machoni pake. Bandika ukanda wa karatasi usiong'aa kwenye kioo, usawa wa laida.

Daraja kati ya roboti na hedseti

Hedseti haizungumzi moja kwa moja na ROS 2. Laptopu hukaa katikati ikiendesha ROS-TCP-Endpoint, na Unity hutumia ROS-TCP-Connector upande wa pili.

```
cd ~/roboti_ws/src
git clone -b main-ros2 https://github.com/Unity-Technologies/ROS-TCP-Endpoint.git
cd .. && colcon build && source install/setup.bash
ros2 run ros_tcp_endpoint default_server_endpoint --ros-args -p ROS_IP:=0.0.0.0
```

Kwenye mipangilio ya ROS ndani ya Unity chagua itifaki ya ROS2, weka anwani ya laptopu na mlango 10000. Kwenye mipangilio ya Android, ruhusa ya intaneti iwe ya lazima. Ukiisahau, programu itafanya kazi vizuri kwenye kompyuta na kukaa kimya kwenye hedseti.

Mambo matatu huwasumbua wengi hapa.

Ramani haifiki. Seva ya ramani hutangaza `/map` mara moja tu na kuihifadhi kwa wanaochelewa, lakini daraja halijiungi kwa namna ya kuomba kilichohifadhiwa. Andika nodi (programu ndogo ya ROS) inayosoma `/map` kwa durability ya TRANSIENT_LOCAL na kuirudia kwenye topiki nyingine (mkondo wa meseji) kila sekunde 5.

Data ya laida haifiki. Sensa nyingi hutuma kwa BEST_EFFORT (bila kuhakikisha meseji imefika), na msikilizaji anayedai RELIABLE (uhakika wa kufika) hapati chochote. Hakuna kosa kubwa linaloonekana, ni ukimya tu. Ipitishe data kwenye nodi ileile ya kurudia, na uipunguze kwanza: pointi moja kati ya kila nne inatosha kwa macho.

Roboti inaruka badala ya kusogea. Umetumia `/amcl_pose`. Kwa mipangilio ya kawaida AMCL hutoa nafasi mpya baada ya roboti kusogea sentimita 25 au kugeuka radiani 0.2, basi mchoro unakaa nyuma kisha unaruka. Soma badala yake TF (mfumo wa ROS unaofuatilia nafasi ya kila sehemu) kutoka `map` hadi `base_footprint`, uitume mara 20 kwa sekunde kama PoseStamped, meseji ya nafasi yenye muda wake.

Mihimili

ROS hutumia mkono wa kulia: X mbele, Y kushoto, Z juu. Unity hutumia mkono wa kushoto: X kulia, Y juu, Z mbele. Kwa hiyo x ya Unity ni Y ya roboti iliyogeuzwa ishara, y ni Z, na z ni X. Pembe ya kugeuka nayo hubadilisha ishara. ROS-TCP-Connector ina kazi za `To<FLU>()` na `From<FLU>()` zinazofanya hivyo. Zitumie kila mahali, wala usichanganye na hesabu ulizoandika mwenyewe.

Jaribu kabla ya kuendelea. Chora mpira kwenye 1, 0 ya ramani, kisha 0, 1. Wa kwanza uwe mbele ya sifuri ya Unity, wa pili kushoto kwake. Ukionekana kulia, umegeuza mara mbili au hukugeuza. Kosa hili hujificha roboti ikienda moja kwa moja na hujitokeza kwenye kona, mahali pabaya kabisa pa kuligundua.

Kulinganisha ramani na sakafu

Sasa roboti ina ramani yake na hedseti ina yake, na hakuna kati yao inayojua sifuri ya mwenzake. Unatafuta vitu vitatu: kuhama kwa pande mbili za sakafu, na pembe moja. Kimo unakipata kwa hedseti kuijua sakafu.

Pembe ndiyo adui. Kosa la digrii 1 halionekani ukiwa umesimama kwenye msalaba. Mita 6 kutoka hapo limekuwa sentimita 10, na mita 12 ni zaidi ya 20, upana wa roboti nzima. Tiba yake ni kupima kwa nukta zilizo mbali.

1. Weka alama A na B za tepu sakafuni, umbali wa mita 5 au zaidi kati yao, mahali ambapo laida inaona kuta na nguzo za kutosha.
2. Peleka roboti hadi ekseli yake ikae juu ya A. Soma nafasi kwa `ros2 run tf2_ros tf2_echo map base_footprint`. Iondoe, irudishe ikitokea upande mwingine, soma tena. Fanya mara tatu, chukua wastani. Rudia kwa B. Masomo ya nukta moja yakitofautiana kwa zaidi ya sentimita 5, ramani au AMCL ina shida. Rekebisha huko kwanza.
3. Vaa hedseti, weka kidhibiti cha mkono juu ya A, bonyeza kitufe, kisha B. Asili ya kidhibiti, yaani nukta yake ya sifuri, iko ndani ya mwili wake, wala si kwenye ncha. Kilaze kila mara kwa mkao uleule, na ikiwezekana kata kipande cha mbao au sponji ngumu chenye umbo lake kilichotobolewa tundu juu ya alama, ili nukta iwe ileile kila siku.
4. Linganisha umbali. AB kwenye ramani na AB kwenye hedseti visitofautiane zaidi ya sentimita 3. Vikizidi, usiendelee, mojawapo ya nukta nne ina kosa.
5. Pembe ya kuzungusha ramani ili ikae juu ya sakafu ya hedseti ni mwelekeo wa AB kwenye hedseti kutoa mwelekeo wa AB kwenye ramani, kila mmoja ukipatikana kwa atan2, na vyote vikiwa vimeshahamishwa kwenye mihimili ya ROS. Kuhama kupimwe kwenye nukta ya katikati ya AB, maana ukipima kwenye A utalirundika kosa lote upande wa B.
6. Weka alama ya tatu, C, ambayo hukuitumia kwenye hesabu, angalau mita 3 nje ya mstari wa AB. Chora duara pale programu inapodhani C ipo. Pima kwa tepu kutoka duara hadi alama.

Sentimita 5 kwenda chini, endelea. Kati ya 5 na 10, inafaa kuonyesha njia, haifai kuelekeza roboti iguse kitu. Zaidi ya 10, rudia. Ili ujue ukubwa wa kosa la kutarajia: A ikikosewa sentimita 2 upande mmoja na B sentimita 2 upande mwingine, kwa AB ya mita 5, pembe inakosewa karibu nusu digrii, nayo huleta sentimita 5 ukifika mita 6.

Ukishapata jibu, lifunge kwenye nanga za hedseti (nukta za chumba ambazo hedseti hukumbuka zilipo), si kwenye asili yake. Mtumiaji akibonyeza kwa muda kitufe cha Meta ili kujiweka katikati, asili huhama na michoro yote huhama nayo. Nanga huwa thabiti kwa vitu vilivyo karibu nayo, ndani ya mita 3 hivi, kwa hiyo godauni refu lipewe nanga kadhaa na programu itumie iliyo karibu na mtu.

Siku zinazofuata hupimi upya yote. Chapa kadi za AprilTag (alama za mraba zinazosomwa na kamera) za aina ya tag36h11, upande wa mraba mweusi uwe sentimita 20, kwenye ubao usiopinda na kwa karatasi isiyong'aa. Waambie wachapaji wa River Road wasiipake plastiki ya kumetameta. Pima mraba kwa rula baada ya kuchapwa, kwa sababu mashine nyingi hupunguza ukubwa ili picha iingie kwenye karatasi, na upungufu wa asilimia 3 unaweka kadi iliyo mita 2 mbele kwenye kosa la sentimita 6. Quest 3 na 3S huruhusu programu kusoma kamera zake, ruhusa iliyofunguliwa mwaka 2025. Programu ikiona kadi mahali pasipolingana na inavyokumbuka, kwa zaidi ya sentimita 8, ifiche michoro na kumwomba mtu alinganishe tena.

Mchoro ukihama kazini, jua kwanza nani kakosea. Mwache mtu atazame kuta za ramani. Kuta zikikaa juu ya kuta halisi lakini duara la roboti liko kando, AMCL imepotea. Izungushe roboti polepole au irudishe kwenye msalaba. Kuta na duara vikihama pamoja, hedseti ndiyo iliyoteleza. Jaribio hilo la sekunde tano huokoa saa nyingi za kurekebisha upande usio na kosa.

Nairobi ina adui wake wa ziada: mabati yanayopitisha mwanga. Vipande vya jua hutembea sakafuni kutoka asubuhi hadi jioni, na kamera za hedseti huviona kama alama za sakafu zinazohama. Ongeza vitu visivyohama kwenye kuta, mabango na michoro yenye kona kali, kwa kimo cha macho. Kwenye mipangilio weka marudio ya taa kuwa Hz 50. Na hedseti isiachwe mezani lenzi zikitazama juu chini ya mabati hayo: jua likipita kwenye lenzi huunguza kioo kwa muda mfupi tu, na alama haitoki.

Cha kuchora na cha kuacha

Vishawishi ni vingi: kila pointi ya laida, ramani ya gharama, namba za betri. Vyote hivyo ni vya fundi anayetafuta hitilafu. Mfanyakazi anahitaji majibu ya maswali matatu: inakwenda wapi, itapita wapi, mbona imesimama.

Chora njia ya mita 2 zinazofuata, upana sawa na roboti, sentimita 2 juu ya sakafu ili isipigane na sakafu yenyewe. Chora kivuli cha roboti mahali itakapokuwa baada ya sekunde 2. Juu ya roboti weka nguzo ya mwanga inayofika kiuno, ionekane hata nyuma ya maboksi. Hali isitegemee rangi pekee: inayotembea iwe mshale, iliyosimama iwe pau mbili, yenye hitilafu iwe pembetatu.

Maneno yawe machache, ya kimo cha sentimita 4 kwa mtu aliye mita 2: «Nageuka kushoto», «Nakusubiri upite», «Njia imezibwa». Sababu ya kusimama ndiyo taarifa yenye faida kuliko zote. Mtu anayejua roboti imezibwa na boksi huliondoa boksi. Asiyejua husimama na kuingoja.

Pima kuchelewa. Bandika tepu kila sentimita 10, endesha roboti moja kwa moja kwa mita 0.2 kwa sekunde, rekodi video ya hedseti. Duara likibaki nyuma sentimita 6, umechelewa takriban sekunde 0.3. Lisogeze mbele kwa kuzidisha mwendo na muda huo, lakini usikisie zaidi ya sekunde 0.3. Data ikizidi umri wa sekunde 0.5, geuza mchoro kuwa kijivu. Ikizidi 2, ufute na uandike «Sina habari za roboti». Mchoro mzuri wa zamani ndio unaomwumiza mtu.

Kuipa roboti kazi

Usimpe mtu usukani kupitia waifai. Mpe uwezo wa kuonyesha mahali. Anaelekeza mwali sakafuni, anaona kivuli cha roboti pale, anakizungusha, roboti inaonyesha njia itakayopita, naye anathibitisha kwa kitufe tofauti na kile cha kuchagua. Bila hatua ya kuthibitisha, kila mkono unaotikisika ni amri.

ROS-TCP-Connector haitumi action, yaani maombi ya ROS ya kazi ndefu. Lengo unalituma kwa `/goal_pose`, frame_id kwenye header yake ikiwa `map`. Kwa kuonyesha njia kabla ya kuthibitisha, na kwa kufuta kazi, andika nodi ya Python kwenye laptopu inayopokea meseji za kawaida na kuita ComputePathToPose na NavigateToPose kwa niaba ya hedseti. Maeneo ya kutokupita yapitie KeepoutFilter ya Nav2. Mtu huchora poligoni sakafuni, laptopu huigeuza kuwa ramani ya kizuizi.

Usalama

Kitufe cha kusimamisha kilicho ndani ya hedseti ni urahisi tu. Hakihesabiwi kama kinga, kwa kuwa kinategemea waifai, betri na programu. Kinga ni swichi nyekundu iliyo juu ya roboti, pamoja na Collision Monitor ya Nav2, programu ya kuzuia kugonga, inayokaa karibu na mota. Ipe kanda mbili: sentimita 80 ipunguze mwendo hadi asilimia 40, sentimita 30 isimame. Amri ya mwendo isipokuja kwa sekunde 0.5, roboti isimame yenyewe. Hilo lijaribu kwa kuchomoa ruta roboti ikitembea.

Siku za mwanzo awepo mtu wa pili asiyevaa hedseti, mkono karibu na swichi. Picha ikizima, mvaaji asimame palepale na kuivua, asitembee gizani. Forklifti zisiingie eneo la mazoezi. Betri ya Quest 3 hudumu kama saa 2, kwa hiyo panga zamu za dakika 30 hadi 40 na ufute sponji ya uso kila mtu anapompokeza mwenzake.

Kamera za hedseti huona nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu na wafanyakazi wa godauni: waambie kinachorekodiwa, kwa nini, na kitafutwa lini. Kama huhitaji video, usiihifadhi.

Jaribio na wafanyakazi

Chagua kazi moja, kwa mfano mtu na roboti kupishana kwenye njia nyembamba wakibeba vitu. Nusu ya watu waanze bila michoro na nusu waanze nayo, kisha wabadilishane, la sivyo utapima mazoea ukidhani unapima hedseti. Andika muda wa kumaliza, mara ambazo mtu alisimama kuingoja roboti, mara ambazo roboti ilisimama kumngoja mtu, na umbali mdogo kabisa kati yao. Kwa kulinganisha kwa haki, wasio na michoro nao wavae hedseti ikiwa imezimwa michoro tu. Uzito wa kifaa kichwani hubadilisha mwendo wa mtu.

Mwishoni muulize kila mmoja swali moja kabla ya mengine: roboti ilikuwa inakwenda wapi uliposimama? Asiyeweza kujibu, michoro yako haijamsaidia, hata kama muda umepungua.

Stima ikikatika

Jenereta ikichelewa sekunde kumi tu, ruta isiyo na UPS huzimika na kuchukua dakika nzima au zaidi kuamka. Roboti imesimama popote ilipokuwa, laptopu inaendelea kwa betri, hedseti inaonyesha kijivu. Anza kwa mpangilio huu: ruta kwanza, kisha hakikisha saa ya roboti kwa `chronyc tracking`, ndipo uirudishe roboti kwenye msalaba na kuanzisha Nav2, halafu daraja, hedseti ikawa ya mwisho. Hedseti ikitangulia hujiunga na daraja la zamani na kubaki na njia ya kabla ya giza. Kabla ya kumruhusu mtu arudi kazini, tazama kuta za ramani na upime alama C tena kwa tepu.